Mpishi wa Samaki Wasioliwa

Wageni walipofika kwenye shamba letu la chai na kusikia kwamba gesti ya kampuni ina mpishi wa samaki, walikuja mlango wa jikoni wakiwa na sahani mkononi. Nilikuwa nawaona kupitia dirishani na nilinyamaza makusudi, ili nipate kucheka. Yeye alitoka na aproni yake ya buluu, akawatazama kuanzia viatuni kwenda juu, akasema, "Mimi ni mpishi wa samaki. Samaki ndio wanakula. Nyinyi mnataka nini?" Halafu akafunga mlango. Ndivyo alivyojulikana hadi kwa watoto, Mpishi wa Samaki, na jina lake la ubatizo wengi wetu hatukuwahi kulihitaji.

Alizaliwa mwaka gani, baba yake alikuwa nani, hayo waulizeni wenyewe. Alitoka upande wa ziwa, kama nusu ya watu wa laini zetu, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kando ya chai, na alianza kwa kuchuma majani. Basi. Ninachokijua mimi ni miaka sita tuliyofanya kazi chini ya bati moja, mimi nikipikia wageni, yeye akipikia samaki. Wengine huwakumbuka wazee wao kwa mapenzi. Huyu wangu namkumbuka kwa sababu amekataa kunitoka rohoni, na sitajifanya kwamba naandika kwa moyo mweupe.

Tangi lenyewe lililetwa na meneja mmoja wa zamani aliyewahi kuishi Mombasa. Alilijenga ndani ya ukuta wa chumba cha kulia, refu kushinda kitanda changu, akalijaza maji ya chumvi, samaki wa baharini na matumbawe. Sisi watu wa Kericho bahari tumeisikia redioni. Huku kwetu kila alasiri ni mvua ya mawe na matope mpaka magotini, na pale ukutani samaki wa njano anazunguka zake chini ya taa. Meneja huyo alipohamishwa tangi lilibaki, maana wakubwa wa Nairobi walipenda kulionyesha kwa wageni wao. Mzee wangu huyu, aliyekuwa akimsaidia kubadilisha maji, ndiye akaachiwa, akavuliwa kikapu cha majani, akapewa aproni na stoo yenye friza.

Friza hiyo ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake pamoja na msalaba. Kila baada ya miezi miwili basi la kutoka Mombasa lilileta sanduku jeupe lenye barafu, naye alikwenda kulipokea mwenyewe mjini. Ndani mlikuwa na ngisi, kome, na kamba, wale wadudu wa baharini ambao siku ya kwanza nilidhani ni panzi. Jambo la kwanza lilikuwa kunusa. "Kamba mzuri hanuki samaki," aliniambia. "Ananuka maji. Ukisikia harufu ya samaki, ujue umechelewa." Waliokuwa weusi kichwani aliwatupa bila huruma. Waliobaki aliwaosha, akawamenya, akawakata vipande vidogo na vikubwa kufuatana na mdomo wa atakayekula. Mdomo ndio unasema, alikuwa akisema, kisu kinasikiliza tu.

Halafu alichukua mti wangu wa kusukumia chapati. Tuligombania mti huo miaka sita! Alitia nyama kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, akautoa hewa yote, akausukuma mpaka ukawa bapa, ndipo ukaingia friza. Hivyo asubuhi alivunja kipande kidogo tu anachohitaji, bila kuyeyusha mfuko mzima. Kila mfuko uliandikwa siku ulipoingia, wa zamani mbele, mpya nyuma, na ukipita miezi mitatu ulikwenda shimoni hata kama ulikuwa unang'aa. Kipande cha siku alikiyeyusha kwenye kikombe cha maji ya tangi, ndani ya friji, si juani wala kwa maji moto. Ule mchuzi uliotoka aliumwaga. "Hiyo supu ndiyo inachafua maji, Mama Cherono. Wewe unapenda supu. Wao hawapendi."

Na juu ya yote ilikuwa ile amri yake: kilichoyeyuka hakirudi friza. Aliisema mara nyingi hivi kwamba mabawabu waliigeuza mzaha, wakiambiana hivyo hata kuhusu wanawake walioachika. Stima ikipotea usiku kucha, yeye asubuhi alifungua kila mfuko, akabonyeza kwa kidole, na uliolegea aliutupa. Nimemwona akitupa nyama ambayo kwa macho yangu ilikuwa safi kabisa.

Chakula cha makopo, vile vipande vikavu, hakutaka kikae karibu na jiko langu. Mvuke wa sufuria zangu, alidai, unakiua. Aliagiza makopo madogo madogo na kufungua moja tu kwa wakati, akachota kwa kijiko kikavu. Mwani mkavu wa yule samaki wa njano, ambaye nilimwita Mla Mboga, aliuhifadhi ndani ya debe lenye kifuniko kigumu, na chini yake kitambaa chenye mchele mbichi wa kunyonya unyevu. Watu wa kwao walipomletea omena kutoka ziwani, wakidhani wanamsaidia, aliwashukuru, akala yeye. Samaki wake hawakuonja. Mafuta ya maji matamu si mafuta ya bahari, alisema. Meneja mwingine alipopendekeza wapewe maini, akamjibu kwa heshima zote, "Bwana, ng'ombe ameonekana baharini lini?"

Nami nilimcheka siku aliponiambia kwamba matumbawe, yale mawe ndani ya tangi, pia yanakula. "Mawe, Mzee? Yana meno?" Hakukasirika. Jioni, taa za tangi zilipozimwa, aliniita na tochi. Yale mawe yalikuwa yametoa vidole vidogo, laini, vingi, na yeye kwa mrija mrefu akayadondoshea uji mwepesi aliokuwa ameuchuja kwa kitambaa. Vidole vikafunga. Ooi! Nilishika mdomo. Nilisimama pale mpaka viazi vyangu vikaungua, na siku hiyo nilimpenda yule mzee, nasema ukweli.

Kumpenda kulikuwa kazi, lakini. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sala ndefu ambazo zilitaja wagonjwa wote kwa majina, kisha Jumatatu mama mchuma chai akija kuomba maji ya kunywa, anamfokea kwa sababu ya tope la miguu. Ule mwezi mishahara ilipochelewa, tulipokuwa tunapika mboga kwa chumvi tupu, alitupa kamba wa kujaza karai na kuwamwagia jivu, mtu asije akaokota. Nilimuuliza kama haogopi Mungu. Akasema mtu akiumwa na tumbo watasema ni yeye. Labda kweli. Ila mtu huyohuyo aliyekagua mlo wa samaki kwa pua alikula ugali wake wa juzi, uliokaa dirishani umefunikwa na gazeti, na maharagwe yaliyoanza kutoa povu.

Na hii pia niiseme, nisije nikaonekana nimechagua mabaya. Cherono wangu alipomwagikiwa na chai ya moto mkononi, mimi nilibaki kupiga mayowe. Yeye ndiye aliyeutia mkono wa mtoto kwenye maji safi ya baridi, akaushikilia humo, akiimba wimbo wa kwao, halafu akambeba mgongoni kwenye mvua hadi zahanati. Mkono ulipona. Hata kovu halionekani ukiwa mbali.

Kitu kimoja tu alikiogopa duniani, nacho ni kurudi kwenye majani. Vidole vyake bado vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, rangi ile ambayo sabuni haiitoi. Mvua ikigonga bati alichungulia nje, akawaona wachumaji na mifuko ya plastiki kichwani, akatikisa kichwa. "Mimi huko sirudi, Mama Cherono. Heri nife."

Sasa nifike mahali panaponiuma. Meneja aliyekuja mwisho alikuwa kijana, na tangi aliliona ni upuuzi. Siku moja alimwambia, mimi nikiwa nasuuza vikombe hatua tatu tu kutoka pale, kwamba sanduku moja tena la chakula likiharibika, samaki watauzwa na yeye atachukua kikapu chake cha majani. Mzee akajibu, "Ndiyo, bwana."

Sanduku lililofuata lilichelewa. Basi liliharibika njiani, likalala huko. Alipolileta jikoni, maji yalikuwa yanadondoka kwenye pembe zake hadi sakafuni mwangu.

"Mzee, kwani barafu imeisha?"

"Shughulika na viazi zako, wewe."

Akajifungia stoo. Nilisubiri kumwona akitoka na karai kwenda shimoni, kama siku zote. Hakutoka. Mti wangu wa chapati hakuja kuuomba. Niliyaona hayo yote, nikanyamaza, kwa sababu friza haikuwa yangu.

Wiki iliyofuata kaka yake akafariki, na ilimbidi aende nyumbani kwa mazishi. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alivua ule ufunguo shingoni akanivisha mimi. Maagizo yalikuwa mafupi. "Samaki, kipande kama kiberiti asubuhi, kingine jioni. Ya mawe unapiga na blenda, unachuja, kijiko kimoja tu. Anza na mfuko ya mbele."

Mifuko ya zamani ilikuwa imekwisha, na huu wa mbele haukuwa bapa. Ulikuwa donge moja, na chini yake maji ya rangi ya waridi yaliyoganda. Nilivunja kwa kisu, ndani kukawa laini, na pua yangu ikaniambia jambo. Nilisimama pale na lile donge mkononi, jamani, nilisimama! Lakini nilijiambia, mtu anayemwagia jivu kamba wa jana, huyo ataweka uchafu ndani ya friza? Niliamini neno lake kuliko pua yangu. Nikawapa samaki sehemu yao, ya mawe nikaipiga na blenda, nikachuja, nikadondosha kijiko kimoja kama nilivyoonyeshwa.

Siku ya tatu maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele. Siku ya nne Mla Mboga alilala ubavu. Kufikia Jumamosi hapakuwa na kinachoogelea, mawe yalikuwa yamerudisha vidole vyao ndani, na chumba cha kulia hakikaliki kwa harufu.

Tulikusanyika palepale mbele ya tangi, Jumatatu: meneja, karani wa ofisi, Mzee aliyekuwa amerudi jana yake kutoka mazishini, na mimi. Meneja alimuuliza nini kimetokea. Mzee aliyatazama yale maji muda mrefu. Halafu akanitazama mimi, na nilidhani, Mungu anisamehe, nilidhani anataka kunitetea.

"Nilimwambia apige," akasema. "Yeye akapika."

Karani akacheka mpaka akashika ukuta. Kwa wasiotoka huku kwetu niwaelezee. Sisi Wakipsigis lugha ya nyumbani haitenganishi ge na ke mdomoni, wala be na pe. Mtu wetu akiongea Kiswahili kwa haraka, kupiga kunatoka kama kupika, na baba kama papa. Tunataniwa hivyo tangu shule ya msingi, na sisi wenyewe tunacheka. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji ushahidi. Mama wa Kikipsigis ameambiwa apige chakula, amekiweka sufuriani na kukipika, labda na kitunguu! Nani angekataa? Hata karani, ambaye ni mtu wetu kabisa, wa Kapsoit, hakukataa.

"Sikupika!" nikasema. "Nilipiga!" Lakini nilikuwa na hasira na hofu, na nikiwa hivyo ulimi wangu unarudi kwetu. Nilisikia mwenyewe jinsi lilivyotoka.

"Si amekubali," karani akasema, akifuta machozi. "Amesema alipika."

Nikataja lile donge. Nikasema mfuko uliyeyuka kabla haujaingia friza, sanduku lilivuja kwenye sakafu yangu, Mzee aulizwe. Meneja akamgeukia. Mzee akasema kwa sauti ya chini, bila kuinua macho, "Donge? Huyu mama anajua donge la ugali." Wakacheka tena. Nilimtazama ili angalau anitazame, lakini alikuwa anaangalia vidole vyake.

Nilipewa siku saba kutoka kwenye nyumba. Cherono alikuwa darasa la saba katika shule ya kampuni, wa pili katika darasa lake, na mwalimu wake alikuja mlangoni kuniomba nisimhamishe. Nimhamishe! Kana kwamba nilikuwa na uchaguzi. Tulikwenda kwa kaka yangu, kule Chebunyo, kwenye jua na ng'ombe, ambako shule ilikuwa mbali na mtoto alihitajika kuchunga. Alikwenda muhula mmoja, akakosa muhula wa pili, kisha hakurudi tena. Tangi nalo likajazwa upya, kwa vile wakubwa wa Nairobi walikuwa na wageni, na mpishi wake akaendelea na aproni yake.

Kilichonikera kuliko yote ni kwamba kisa kilinitangulia. Kule Chebunyo, mnadani, wanawake wa kwetu wenyewe, ambao ulimi wao ni kama wangu, waliniuliza, "Ni wewe ulipikia samaki chakula?" Wakacheka kwa upole, bila ubaya, na mimi nikafundishwa na dunia kucheka nao. Lakini shambani, nikipalilia mahindi, nilitunga maneno. Miaka mitano nilitunga. Nilimwambia moja baada ya jingine, nikimtaja Cherono, mtoto ambaye yeye mwenyewe alimwimbia wimbo akiwa na mkono ndani ya maji, na kila siku katika maneno hayo yeye alianguka magoti na kusema ukweli mbele ya watu.

Nilikutana naye Kapsoit, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka kumsalimia shangazi yangu na mvua ikanisukuma ndani ya hoteli moja ndogo, nikaagiza chai. Aliingia mzee mwenye fimbo na koti refu, Biblia kwapani, na kabla sijamtambua yeye alikuwa ameshanitambua.

"Mama Cherono! Ni wewe kweli? Bwana asifiwe!"

Alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Aliketi karibu yangu, akaniambia amestaafu, samaki walikwisha, tangi lilivunjwa na ukuta ukazibwa. Akauliza habari za mtoto. "Yule wangu wa mkono. Sasa anasoma wapi?"

"Hasomi, Mzee. Aliacha tulipofukuzwa."

"Woi," akasema, akatikisa kichwa, na macho yake yakalowa.

Nikaweka kikombe chini. Yale maneno yote ya miaka mitano yalikimbia, likabaki moja. "Mzee, ule mfuko wa mbele. Ulikuwa umeyeyuka. Ulijua."

Akaweka mkono wake juu ya wangu. Vidole vilikuwa safi sasa, rangi ya chai ilikuwa imeisha kabisa.

"Mama Cherono," akasema, "usijisumbue na hiyo maneno. Mimi nilikusamehe siku ileile. Hata kanisani nilikuombea, kwa jina."

Nilimchunguza usoni nikitafuta uongo. Nilitaka niuone, nimshike nao, nipige kelele hoteli nzima isikie. Haukuwepo. Alikuwa ameusema mara nyingi mno, kwa meneja, kwa kanisa, kwa Mungu wake, mpaka ukawa ndio mambo yalivyokuwa. Mtu pekee aliyejua kwamba sikukosa alikuwa ameshasahau.

"Nisamehewe nini, Mzee?" Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Kila mtu hukosea, mama. Kiswahili ni ngumu kwetu sisi wote."

Watu walikuwa wameanza kututazama: mzee safi na Biblia yake, akimshika mkono mama wa matope anayelia. Maana nilikuwa nalia. Mmoja alisema, "Pole, mama." Mzee akavua kofia, akasimama, na bila kuniachia mkono akaanza kuomba kwa sauti. Aliomba Mungu anikumbuke, amrudishe mtoto wangu shuleni, aniondolee uchungu moyoni. Ilikuwa sala ndefu, kama zake zote, na wenye hoteli waliacha kazi wakainamisha vichwa.

Alipomaliza, wote wakasema amina, hata msichana aliyekuwa ameshika birika. Yeye alibaki amefumba macho, mkono wangu ndani ya mkono wake, akisubiri ya kwangu.

Nikasema amina.